Wasomaji Wauliza: Programu Huria na Watu Wenye Ulemavu

Katika toleo lililopita niliandika aya moja fupi kuhusu programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake (maagizo yaliyoandikwa kuziunda) uko wazi na ambazo leseni yake humruhusu yeyote kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Nilizitaja kwa sababu ndizo zinazoniwezesha kuifanya kazi hii: sioni, na kila barua inayoletwa katika safu hii husomwa na kompyuta yangu kwa sauti kabla sijaijibu. Aya ile imeleta barua nyingi, na karibu zote zinauliza kwa niaba ya mtu wa karibu. Nimechagua sita.

Mwanangu yuko mwaka wa kwanza chuoni hapa Nairobi, na uwezo wake wa kuona umepungua sana tangu mwaka jana. Duka moja mjini lilituambia kwamba programu ya kumsomea kompyuta inagharimu zaidi ya shilingi laki moja. Kijana mwingine alitaka shilingi elfu tatu atuwekee programu ileile, ila tusimwulize habari za leseni. Wewe uliandika kwamba iko ya bure. Hiyo ya bure ina kasoro gani? — Mama, Kayole

Mama, pole kwa mwaka mgumu mliopitia. Programu niliyoitaja inaitwa NVDA, nayo hufanya kazi kwenye Windows. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, ambaye hakukubali kwamba mtu kama yeye alipe fedha nyingi za ziada ili atumie kompyuta ambayo jirani yake anaitumia bila gharama hiyo. Mwaka uliofuata, yeye na James Teh, rafiki yake wa utotoni ambaye pia haoni, waliunda shirika la NV Access, ambalo ndilo linaloitunza programu hiyo hadi leo. Nakueleza asili yake kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba kitu cha bure ni makombo ya kitu cha kuuzwa. Walioiunda NVDA waliihitaji wao wenyewe kila siku, na hitilafu yoyote iliyobaki ndani yake iliwakwaza wao kwanza. Katika uchunguzi wa shirika la WebAIM la Marekani uliochapishwa mwaka 2024, karibu thuluthi mbili ya watumiaji wa programu za kusoma skrini waliojibu walisema kwamba NVDA ni miongoni mwa programu wanazozitumia mara kwa mara.

Ile mliyotajiwa bei ya laki moja huenda ni JAWS. Ni programu nzuri, na zipo ofisi zenye mifumo ambayo JAWS huisoma vyema zaidi, kwa hiyo sitaibeza. Bila leseni, JAWS hufanya kazi kwa dakika 40 tu, kisha hukulazimu uizime kompyuta na kuiwasha upya; nawajua watu waliosoma kwa miaka mingi kwa vipande vya dakika 40, na sipendi kumfikiria mwanao akiishi hivyo. Nakala ya shilingi elfu tatu ni ya wizi. Msiinunue, kwa kuwa haitapata marekebisho yoyote kutoka kwa wenyewe, na hamna njia ya kujua ni nini kingine kilichopachikwa ndani yake na mtu aliyeivunja kufuli. Kompyuta hiyo ndiyo mwanao ataiandikia nywila zake zote.

Pakueni NVDA kutoka tovuti ya NV Access yenyewe. Mtaulizwa kama mngependa kuchangia, nanyi mnaweza kuendelea bila kulipa. Ikiwa laptopu yake ni ya mtumba na bado ina Windows 7, tafuteni toleo la 2023.3.4, kwa kuwa ndilo la mwisho kukubali Windows hiyo. Programu hii inaweza pia kuwekwa kwenye flashi, ili aichomeke kwenye kompyuta ya maktaba au ya saiba na kuitumia papo hapo bila kuisakinisha.

Sasa kasoro yake, kwa kuwa uliuliza: haiji na mwalimu. Wiki za mwanzo zitamchosha, na huenda akasema kwamba sauti hiyo haifai. Mwambieni abonyeze Insert pamoja na 1. Kuanzia hapo kila kitufe atakachokigusa kitatajwa jina na kazi yake bila kutenda lolote, hadi abonyeze tena vitufe vile vile viwili. Ajifunze kuinyamazisha kwa Ctrl, na akiwa kwenye ukurasa wa mtandao, ajifunze kuruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa herufi H. Muhimu kuliko yote, aanze sasa, angali anaona kidogo. Mimi nilisubiri hadi giza lilipotimia, na muhula mzima uliniponyoka nikijifunza mambo ambayo ningeyajifunza mapema bila machozi.

Jambo jingine litakalomsumbua ni makala za mihadhara zilizopigwa picha. Kwa binadamu ni maandishi, kwa NVDA ni picha tupu. Hapo atahitaji programu huria nyingine, Tesseract, ambayo huigeuza picha ya maandishi kuwa maandishi yenyewe. Kazi hiyo ilianzia katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005, na leo inakitambua Kiswahili pia. Kwa asiyependa kuandika amri, iko programu ya gImageReader inayoitumia Tesseract kupitia vitufe vya kawaida.

Ninafundisha darasa la watoto wasioona katika shule moja ya Eastlands. Tumeweka NVDA kwenye kompyuta nne. Kiingereza chake kinaeleweka, lakini tukifungua hadithi ya Kiswahili, inasoma kama mgeni aliyeshuka leo uwanja wa ndege. Watoto wanacheka, kisha wanaacha kusikiliza. Je, hakuna programu inayojua Kiswahili? — Mwalimu, Buruburu

Mwalimu, barua yako ndiyo iliyonikalisha muda mrefu zaidi, kwa sababu ndani yake kuna matatizo matatu yanayosikika kama moja.

La kwanza huenda likaisha leo. NVDA yenyewe haina sauti. Inaikabidhi kazi ya kutamka kwa programu nyingine, na ile inayokuja nayo inaitwa eSpeak NG. Hii inazo lugha zaidi ya mia moja, Kiswahili kikiwemo. Inawezekana kabisa kwamba kompyuta zenu zinasoma hadithi ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, na ndiyo maana mnamsikia mgeni. Bonyeza Insert, Ctrl na V kwa pamoja, hakikisha kwamba eSpeak NG ndiyo iliyochaguliwa kutamka, kisha nenda kwenye orodha ya sauti, uchague Kiswahili. Kwa hadithi iliyo kwenye mtandao, NVDA inaweza hata kubadili lugha yenyewe, mradi aliyeutengeneza ukurasa ametaja katika msimbo wake kwamba lugha ni Kiswahili. Kurasa nyingi za Kiswahili hazitaji hilo, au hutaja Kiingereza kwa kuwa kiolezo kilikuja hivyo na hakuna aliyejali kukibadilisha. Ni neno moja tu la herufi mbili lililokosekana, na mtoto anasomewa lugha yake kwa matamshi ya lugha nyingine.

La pili ni kwamba, hata ikiwekwa vizuri, sauti ya eSpeak NG itabaki ya bati. Haikutokana na binadamu aliyerekodiwa. Sauti zake huundwa kwa hesabu. Kwa sababu hiyo ni ndogo sana, inatosha kwenye kompyuta dhaifu, na inaweza kuongezewa kasi bila maneno kuvurugika. Mimi huisikiliza kwa kasi ambayo watu wa nyumbani kwangu hawaambulii hata neno. Kwa mtu mzima anayetaka kumaliza kazi, hiyo ni faida kubwa. Kwa mtoto wa miaka minane anayesikiliza hadithi, nakubaliana nawe kwamba haitoshi. Iko programu huria mpya zaidi iitwayo Piper, ambayo hujifunza kutokana na sauti ya mtu halisi, nayo ina sauti ya Kiswahili, ingawa ni Kiswahili cha Kongo. Ni Kiswahili kamili, lakini si kile mtoto wa Buruburu anachokisikia kwa mama yake. Hapana budi tupate sauti ya kwetu, na kinachohitajika ni msomaji mmoja mwenye sauti safi, saa kadhaa za kurekodi mahali patulivu, na ridhaa yake ya maandishi kwamba sauti hiyo itumiwe na umma.

La tatu ndilo la wajuzi wa lugha, nalo linakuhusu wewe. Kiswahili ni rahisi kwa mashine kuliko Kiingereza, kwa kuwa tunaandika kama tunavyotamka na mkazo wetu karibu daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tatizo liko kwenye hilo neno “karibu”. Tunapitia barabara, mkazo ukiwa kwenye “ba” ya mwisho kasoro moja, lakini jambo likienda barabara mkazo husogea nyuma. Walakini ya kasoro si walakini ya lakini. “Lazima” wengi wetu huitilia mkazo mwanzoni. Mashine haiyajui haya hadi iambiwe na mtu anayeyajua, na kwa eSpeak NG kuiambia ni jambo linalowezekana, kwa kuwa kanuni zake za Kiswahili na orodha yake ya maneno yasiyofuata kanuni ni mafaili ya maandishi ya kawaida, yaliyo wazi kwa yeyote kuyasoma na kupendekeza mabadiliko. Neno likikosewa mkazo, marekebisho yake huwa ni mstari mmoja. Hayo mawili ya sura pacha ni magumu zaidi, kwa kuwa maana yake hujulikana kwa sentensi nzima.

Programu hii ya eSpeak ilianzishwa na Jonathan Duddington wa Uingereza, aliyeianza kwenye kompyuta za Acorn mwaka 1995. Tangu mwishoni mwa 2015 wengine wameiendeleza kwa jina la eSpeak NG, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu leseni iliwaruhusu. Ingekuwa mali ya kampuni moja, ingekufa siku ambayo kampuni ilipoteza hamu nayo, na mamilioni ya watu wangebaki kimya mbele ya kompyuta zao.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, Mwalimu. Weka daftari darasani, na kila watoto wanapocheka, andika neno lililowachekesha na jinsi lilivyopasa kutamkwa. Kwa sasa unaweza kuyasahihisha kwenye kompyuta zako nne kwa kutumia kamusi za usemi zilizo ndani ya NVDA. Anza na majina ya wanafunzi wenyewe, Wanjiru, Achieng’, Mutua, kwa sababu mtoto anastahili kuitwa ipasavyo. Kisha niletee orodha hiyo. Nitaiwasilisha kwa watunzaji wa eSpeak NG, na marekebisho yakikubaliwa yatamfikia kila msikilizaji wa Kiswahili, kuanzia Lamu hadi Kigoma.

Binti yangu ana miaka sita na ana mtindio wa ubongo. Anaelewa kila kitu lakini hawezi kutamka maneno. Kifaa cha kumsemea tulichoonyeshwa kinaongea Kiingereza peke yake, na bei yake ni zaidi ya kodi yetu ya mwaka. — Baba, Githurai

Ndugu yangu, jaribu Cboard. Ni ubao wa picha unaofunguka kwenye kivinjari cha mtandao au kwenye simu ya Android. Mtoto akigusa picha, neno linatamkwa. Ni programu huria, na UNICEF iliwahi kuigharimia. Picha zinazokuja nayo ni za kawaida za nchi za nje, lakini unaweza kuweka picha zako na kurekodi sauti yako katika kila kigae, na hapo ndipo panaponifurahisha. Piga picha ya sahani ya githeri, ya kikombe chake cha uji, ya bibi yake, ya mlango wa choo. Mtafute binamu yake wa rika lake arekodi maneno, ili msichana wa miaka sita asemewe na sauti ya msichana, na si ya mwanamume wa redioni.

Anza na picha chache, zisizozidi nane, na hakikisha kwamba “sitaki” ni mojawapo. Wazazi husahau neno hilo. Mtaalamu wa tiba ya usemi akipatikana, mwonyesheni ubao huo awasaidie kuupanga, kwa maana programu haichukui nafasi yake.

Nilianguka kutoka jengo la ghorofa tukiwa kazini, na tangu hapo mikono yangu haifanyi kazi. Shingo iko sawa. Je, naweza kutumia kompyuta? — Msomaji, Dandora

Unaweza, kaka. Tafuta eViacam, programu huria ya Windows na ya Linux (mfumo huria wa kuendesha kompyuta) inayotumia kamera ya kawaida ya kompyuta kufuata mwendo wa kichwa chako na kuusogeza mshale. Ukituliza kichwa kwa muda mfupi mahali unapotaka, inabofya yenyewe. Iunganishe na kibodi ya kwenye skrini, nawe utaandika. Itakuhitaji mwanga wa kutosha usoni na mtu wa kukuwashia siku ya kwanza. Kwa simu ya Android, waundaji hao hao walitoa EVA Facial Mouse, inayofanya kazi kwa namna hiyohiyo. Usikae muda mrefu mwanzoni, shingo itauma.

Mimi ni afisa wa wafanyakazi katika Sacco moja hapa mjini. Tumemwajiri mhasibu asiyeona, naye anaomba NVDA. Msimamizi wetu wa kompyuta amekataa, akisema kwamba programu ambayo msimbo wake unaonekana na kila mtu unaonekana na wezi pia. — Afisa, Upper Hill

Afisa, hofu ya kulinda akiba za wanachama ni halali, lakini imeelekezwa mahali pasipostahili. Simu za Android ambazo wanachama wenu huzitumia kuulizia salio zinaendeshwa na Linux, ambayo msimbo wake uko wazi, na sehemu kubwa ya seva za dunia ni hivyohivyo. Uwazi huo unawapa pia wakaguzi, wakiwemo wenu, nafasi ya kutazama ndani. Hatari ya kweli iko kwenye mahali programu inapopakuliwa na kwenye viongezo, yaani programu ndogo za ziada, ambavyo mfanyakazi anaweza kujiwekea. Msimamizi wako aipakue mwenyewe kutoka kwa NV Access, aisasishe kila toleo jipya linapotoka, na aamue ni viongezo gani vinaruhusiwa. Hayo ni masharti ambayo mhasibu yeyote makini atayakubali.

Tena mkumbushe kwamba Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari kwa kiwango kinachofaa, na haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vitokanavyo na ulemavu wake. Mhasibu wenu haombi hisani.

Baada ya hapo kaeni karibu naye afungue mfumo wenu wa mikopo. Nahofia kwamba NVDA itafika kwenye kitufe cha kuidhinisha na kusema “kitufe”, bila jina, kwa sababu aliyeutengeneza mfumo hakukipa jina. Hilo halitatuliwi na programu yoyote ya kusoma skrini, iwe huria au ya kulipiwa. Kenya imekuwa na kiwango chake cha ufikivu wa teknolojia, yaani cha kuifanya itumike na watu wenye ulemavu, KS 2952, tangu mwaka 2022. Kitajeni kwenye mkataba unaofuata na watengenezaji wa mfumo wenu, kwa maandishi, kabla hamjalipa.

Ninaandika programu, nina umri wa miaka ishirini na mmoja, na sina ulemavu. Nisaidie vipi? Nilifikiria kuunda programu mpya ya kusoma skrini kwa Kiswahili. — Msomaji, Ngara

Usiunde mpya, ndugu yangu. NVDA ni kazi ya takriban miaka ishirini, na programu nyingi zilizoanzishwa kwa nia njema kwa ajili yetu ziliachwa mara tu tuzo ya mashindano ilipotolewa, huku watu wakiwa wameshazitegemea. Jiunge na iliyopo. Kiswahili kina pengo katika tafsiri, katika miongozo, na katika kanuni za matamshi nilizomweleza Mwalimu wa Buruburu. Mfuate, mwenye daftari ni yeye.

Ukiwa na nusu saa ya ziada, ingia Common Voice, mradi wa Mozilla ulioanza mwaka 2017, ambako watu husoma sentensi kwa sauti na wengine huzihakiki, na rekodi zote huachiwa umma. Kiswahili kimo. Rekodi hizo huifundisha kompyuta kuusikia usemi wetu na kuuandika, jambo linalomsaidia asiyesikia kusoma yanayosemwa na asiye na mikono kuandika kwa kusema. Soma kwa lafudhi yako mwenyewe, usijifanye mtangazaji.

Lakini kabla ya hayo yote, weka NVDA kwenye kompyuta yako, uzime skrini, kisha ujaribu kutumia programu ya mwisho uliyoiandika, kuanzia kujisajili hadi kulipa, kwa kibodi peke yake. Andika kila mahali ulipokwama, uparekebishe, ndipo uniandikie tena. Nikipata kiungo chake nitaijaribu mimi mwenyewe, na nitakwambia ukweli.